Kikombe cha kahawa kinavyokutanisha wazo na mtaji

KIJIWE cha kahawa hakihitaji utambulisho. Birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, ndoo ya kuoshea, vipande vya kashata na mabenchi mawili yanayotazamana vinatosha kukusanya watu kabla jua halijapanda. Hapo ndipo mechi ya Simba na Yanga inapochezwa upya, na hapo ndipo mawaziri wanapoteuliwa na kufukuzwa bila Ikulu kupewa taarifa.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo ni nadra kuzungumzwa kijiweni. Nalo ni nani ana wazo la biashara, na nani ana fedha za kulikuza.

Chukua mfano wa mji mdogo wowote unaozungukwa na mashamba. Mwenye duka la pembejeo amefunga msimu vizuri na amebaki na fedha kidogo. Anafikiria kununua kiwanja kingine au kuongeza bodaboda. Pembeni yake, kwenye benchi hilohilo, amekaa kijana anayejua kutengeneza tovuti na programu za simu. Kijana huyo ana mwaka mzima akihangaika kupata mtu wa kumtia nguvu katika huduma ya kuwaunganisha wakulima wa vitunguu na wanunuzi wa mjini.

Wawili hao wanasalimiana, wanabishana kuhusu mpira, wanalipa kahawa na kuagana. Mmoja anarudi dukani na fedha isiyo na kazi, mwingine anarudi nyumbani na kazi isiyo na fedha. Hakuna aliyejua kuwa alichokuwa akikitafuta kilikuwa kimekaa karibu naye.

Katika miji mbalimbali duniani, watu wameliziba pengo hilo kwa njia nyepesi. Wamechagua siku moja, saa moja na mahali pamoja, ambapo wenye biashara za intaneti na wenye mitaji hukutana kunywa kahawa na kuzungumza. Hakuna mwenyekiti, hakuna ada na hakuna mgeni rasmi. Njia hiyo ina historia ndefu kuliko intaneti yenyewe, na Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hiyo.

Soko la hisa lililoanza na kahawa

Biashara ya hisa nchini Kenya ilianza katika miaka ya 1920, wakati wa ukoloni wa Waingereza. Hapakuwa na jengo la soko wala kanuni zilizoandikwa. Wahasibu, wanasheria, madalali wa minada na mawakala wa nyumba na viwanja waliifanya kama kazi ya ziada, wakikutana na kupeana bei za hisa huku wakinywa kahawa. Kilichowafunga kilikuwa neno la mtu na jina lake mbele ya wenzake.

Mwaka 1954 madalali wa hisa walisajili chama chao cha hiari chini ya Sheria ya Vyama, na hapo ndipo Soko la Hisa la Nairobi lilipozaliwa rasmi. Lakini mazungumzo ya kahawa yalikuwa yametangulia usajili huo kwa zaidi ya miaka 20.

Historia hiyo ina doa lake. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa hadi baada ya Uhuru wa Kenya mwaka 1963. Kahawa iliyolimwa kwa jasho la Waafrika ilinyweka mezani, lakini mezani hapo hawakuwapo. Hilo ni funzo kwa yeyote anayetaka kuanzisha mkutano wa aina hii leo: jambo la kwanza la kuulizwa ni nani amebaki nje ya mlango.

London nayo ina kisa chake. Mwishoni mwa miaka ya 1680 Edward Lloyd alikuwa na mgahawa wa kahawa uliopendwa na manahodha, wenye meli na wafanyabiashara. Mwaka 1691 alihamia mtaa wa Lombard. Waliokuja kunywa kahawa walipeana habari za meli zilizofika na zilizozama. Mwenye meli aliyetaka kinga dhidi ya hasara alipitisha karatasi mezani, na wenye fedha waliokubali kubeba sehemu ya hatari hiyo waliandika majina yao chini yake.

Kutokana na meza hizo lilikua soko la bima linalojulikana hadi leo kwa jina la Lloyd's of London. Lloyd mwenyewe hakuwa mtu wa bima. Alikuwa muuza kahawa aliyejua kwamba mtu hurudi pale anapopata habari za kweli.

Alhamisi moja mjini London

Mtindo wa sasa, unaohusu moja kwa moja biashara za intaneti, ulipata nguvu London mwanzoni mwa mwaka 2007. Saul Klein, mjasiriamali aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Skype, alianzisha mkutano alioupa jina la OpenCoffee. Ulifanyika kila Alhamisi asubuhi katika mgahawa wa Starbucks uliokuwa mtaa wa Regent, katikati ya jiji.

Masharti yake yalikuwa machache. Mwenye kampuni changa ya mtandao alikaribishwa. Mwenye mtaji alikaribishwa. Aliyekuwa na wazo tu kichwani naye alikaribishwa. Hakuna aliyehitaji barua ya mwaliko wala miadi kupitia kwa katibu muhtasi.

Mtindo huo haukuchukua muda kuvuka mipaka. Miji mingine, ikiwamo Dublin na Limerick nchini Ireland na Athens nchini Ugiriki, ilianzisha mikutano yake. Mwaka huohuo wa 2007, Klein na wenzake walianzisha London mfuko wa Seedcamp, wenye kazi ya kuziwezesha kampuni changa.

Kabla ya hapo tatizo halikuwa ukosefu wa fedha. London ni miongoni mwa miji yenye fedha nyingi duniani. Tatizo lilikuwa kwamba wenye fedha na wenye mawazo hawakufahamiana, na mtu hampi asiyemfahamu fedha zake. Benki humaliza ugumu huo kwa kudai hati ya nyumba au shamba. Kijana ambaye mali yake yote ni kompyuta moja na ujuzi wake hana hati ya kuweka rehani.

Hapo ndipo faida ya kukutana mara kwa mara inapoonekana. Kijana anayesema wiki ya kwanza kuwa mwezi ukiisha atakuwa na wateja kumi, anaonekana tena wiki ya pili, ya tatu na ya nne. Mwezi ukiisha kila mtu mezani anajua kama wateja hao wamepatikana. Wasipopatikana, inajulikana pia kama alisema ukweli au alianza kujificha. Mchanganuo wa biashara ulioandikwa vizuri na kufungwa kwa jalada la plastiki hauwezi kutoa habari hizo.

Mfanyabiashara wa mazao analijua jambo hili bila kufundishwa. Hamkopeshi mchuuzi magunia 20 siku ya kwanza. Humpa mawili na kuangalia, kisha matano na kuangalia tena. Mkutano wa kahawa ni njia ya kumwangalia mtu kabla ya gunia la kwanza, na gharama yake ni bei ya kikombe.

Nairobi: kutoka mazungumzo hadi jengo

Kwa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni Nairobi. Mwaka 2008 wataalamu wa kompyuta na wanablogu wa jiji hilo walikutana katika mkutano wa wazi ulioitwa BarCamp Nairobi. Mikutano ya aina hiyo haina ratiba ya hotuba; washiriki wenyewe huamua asubuhi yatakayozungumzwa mchana. Miongoni mwa yaliyozungumzwa mwaka huo ni haja ya kuwa na mahali pa kudumu pa kukutania.

Machi 2010 mahali hapo palifunguliwa katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, kwa jina la iHub. Aliyeongoza kazi hiyo ni Erik Hersman, mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, tovuti iliyoundwa mwanzoni mwa 2008 kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya. Uanachama wa kawaida wa iHub ulikuwa bure, na waliotaka dawati la kudumu walilipia. Ndani kulikuwa na intaneti ya kasi na sehemu ya kuuza kahawa.

Wakati nao ulisaidia. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za Seacom na TEAMS zilipitishwa chini ya bahari hadi Mombasa, na utegemezi wa setilaiti, iliyokuwa ghali na yenye kasi ndogo, ukaanza kupungua. Vijana walikuwa na cha kufanya kwenye intaneti, na sasa walikuwa na mahali pa kuonana.

Mwishoni mwa 2010 yalifanyika Nairobi mashindano ya saa 48 yaliyoitwa IPO48, ambapo washiriki walitakiwa kuanza na wazo na kumaliza na huduma inayofanya kazi. Washindi walikuwa wanawake watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka. Huduma yao, M-Farm, ilimwezesha mkulima kutuma ujumbe mfupi wa simu na kujibiwa bei ya zao lake katika masoko ya miji mbalimbali. Ushindi huo uliwapatia mtaji wa takriban Sh1 milioni za Kenya.

Kwa mkulima, thamani ya huduma kama hiyo inaeleweka mara moja. Anayejua bei ya sokoni kabla dalali hajafika shambani huzungumza naye akiwa na kitu mkononi. Asiyejua hukubali bei anayotajiwa.

Wenye mitaji nao walisogea. Mwaka 2012 Mbwana Alliy, Hersman na Paul Bragiel walianzisha mfuko wa Savannah Fund. Kwa kampuni changa za mwanzo, mfuko huo ulikuwa ukitoa dola 25,000 za Marekani kwa asilimia 15 ya hisa. Mfanyabiashara anayetaka kuielewa hesabu hiyo aitazame hivi: iwapo asilimia 15 ni dola 25,000, basi kampuni nzima imekadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola 167,000. Mwekezaji hadai riba wala marejesho ya kila mwezi. Kampuni ikikua, sehemu yake inakua. Ikifa, fedha yake imekufa pamoja nayo.

Tanzania nayo haikukaa pembeni. Mradi wa TANZICT, ulioanza mwaka 2011 kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Finland, ulifungua sehemu ya wabunifu katika jengo la Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Dar es Salaam, ambayo baadaye ilipewa jina la Buni. Ni jina lililokaa mahali pake. Kubuni ni kuanzisha kitu kipya, na buni ni kahawa ambayo haijakobolewa.

Lakini wengi hawaishi Dar es Salaam wala Nairobi. Aliyeko Mbinga, Karatu, Makambako au Muleba hawezi kusubiri jengo na mfadhili. Historia inaonyesha kuwa hana sababu ya kusubiri, kwa kuwa Nairobi yenyewe mazungumzo yalitangulia jengo kwa miaka miwili.

Siku isiyobadilika

Kitu kinachoamua kama mkutano wa kahawa utaishi au utakufa ni siku yake. Gulio linatoa mfano mzuri. Mama anayepeleka kuku gulioni hapigi simu kuuliza kama wanunuzi watakuwapo. Anajua siku ni Jumanne, na mnunuzi naye anajua. Siku ingekuwa inabadilika kila wiki kwa matakwa ya mwenyekiti, gulio lingekufa ndani ya mwezi mmoja.

Vivyo hivyo kwa kahawa ya wajasiriamali. Inafaa kuchaguliwa siku moja ya wiki au ya kila wiki mbili, na saa isiyogongana na gulio, mnada, swala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili. Kwa mji wa wakulima, msimu wa kupanda na wa kuvuna lazima utazamwe. Saa ikishatangazwa haibadilishwi, hata mvua ikinyesha.

Hilo linadai mtu mmoja au wawili watakaofika kila mara, wawe wa kwanza kukaa na wa mwisho kuondoka. Wiki ya tatu au ya nne huenda wakajikuta wako peke yao. Wengi hukata tamaa hapo na kusema watu wa mji wao hawajali maendeleo. Kumbe wiki inayofuata angekuja yule aliyesikia habari zao kwa kinyozi, akakuta mabenchi matupu na asirudi tena.

Mahali napo pana uzito wake. Hoteli yenye viyoyozi itamvutia mwekezaji, lakini kijana mwenye Sh2,000 mfukoni ataona haya kuingia. Kijiwe cha barabarani kina bei nafuu, lakini kelele za magari na sura ya baraza la wanaume huwafukuza wanawake. Mgahawa wa kawaida wenye meza kadhaa, katika saa ambazo wateja ni wachache, mara nyingi ndio unaofaa. Mwenye mgahawa hatakataa wateja kumi wa uhakika katika saa ambayo meza zake huwa tupu.

Suala la wanawake lisichukuliwe kama pambo. M-Farm ilitoka kwa wanawake watatu. Mwaka huohuo wa 2010 kundi la AkiraChix lilianzishwa Nairobi kwa lengo la kuwavuta wasichana katika fani ya kompyuta. Sehemu kubwa ya biashara ya mboga, matunda na samaki katika masoko ya mikoani imo mikononi mwa akina mama. Mkutano unaopangwa saa mbili usiku, au mahali penye pombe, umeshawafungia nje watu wenye mtaji na wenye kuijua kazi.

Gharama zisibebwe na mtu mmoja. Kila anayekuja alipe kikombe chake. Mkutano unaoanza kwa posho na nauli ya mfadhili huvuta watu wa posho, na mfadhili akiondoka nao huondoka. Asiye na fedha kabisa atalipiwa na jirani yake wa benchi, kama inavyofanyika kijiweni kila siku bila kuandikiwa muhtasari.

Nini kizungumzwe

Mjini Kansas City, Marekani, mwaka 2012 taasisi ya Kauffman ilianzisha mikutano ya kahawa ya kila Jumatano asubuhi iliyoitwa 1 Million Cups, yaani vikombe milioni moja. Utaratibu wake ni mwepesi kuiga. Mwenye biashara changa hupewa dakika sita kueleza anachofanya, kisha waliohudhuria humuuliza maswali kwa dakika 20. Mwisho huulizwa swali moja: sisi tulioko hapa tukusaidie nini? Mtindo huo ulienea katika miji mingine mingi ya nchi hiyo.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu jibu lake mara nyingi si fedha. Kijana mwenye tovuti ya kuuza mazao huenda anahitaji kujulishwa kwa katibu wa chama cha msingi. Pengine anahitaji mtu wa lori, au mtu wa kumweleza kwa nini mkulima hapendi kuuza kwa kilo. Mambo hayo yanapatikana kwa neno moja la mtu aliyekaa mezani. Akiyapata, mtaji anaohitaji hupungua, na mwekezaji anaona kazi inayotembea.

Katika mji mdogo si lazima kila wiki apatikane mtu wa kueleza biashara yake. Inatosha kila aliyepo ataje mambo matatu: jina, kazi anayofanya na kitu anachohitaji wiki hiyo. Mmoja aandike kwenye daftari. Wiki inayofuata daftari lifunguliwe na kila ahadi iulizwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi nazo ni mali.

Wapo wanaohofia kuibiwa wazo. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini mara nyingi huzidishwa. Orodha ya wateja, maneno ya siri na programu yenyewe havina sababu ya kuwekwa mezani. Ila tatizo linalotatuliwa lazima litajwe, kwa kuwa hakuna anayeweza kusaidia kitu asichokijua. Wazo la kuwaunganisha wakulima na wanunuzi kwa simu wamekuwa nalo wengi. Walio wachache ni wale wanaoweza kuamka kila alfajiri kwenda sokoni kukusanya bei.

Kwa upande wa wenye mitaji, waanzilishi wanapaswa kuwafuata mmoja mmoja kabla ya siku ya kwanza, na kuwaahidi jambo moja: hawatazingirwa na waombaji. Mwenye fedha akishaombwa mara tano ndani ya nusu saa, hatarudi. Inafaa ikubalike kuwa siku ya kwanza mtu anapokutana na mwekezaji haombi fedha. Anaomba ushauri na kurudi wiki ijayo kueleza alivyoufanyia kazi.

Mwekezaji si lazima awe bwana mkubwa kutoka ng'ambo. Mwenye mashine ya kukoboa, mwenye duka la jumla, mwalimu mstaafu aliyepata kiinua mgongo na mkulima wa kahawa aliyelipwa malipo ya pili, wote wanaweza kuwa wawekezaji wa biashara ndogo ya mtandao. Wana kitu ambacho mwekezaji wa London hana: wanaujua mji, wanazijua familia na wanalijua zao.

Mahali pa kuwa macho

Uaminifu unaojengwa kwa kahawa unaweza pia kutumiwa vibaya. Watanzania hawajasahau DECI, ambako watu walihimizwa "kupanda mbegu" za fedha kwa matumaini ya kuvuna mara mbili na zaidi. Wengi waliingia kwa sababu aliyewavuta alikuwa ndugu, jirani au muumini mwenzao. Serikali iliusimamisha mchezo huo mwaka 2009, na mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu.

Kwa hiyo mkutano wa kahawa usiwe mahali pa kukusanyia fedha. Usiwe na sanduku, usiwe upatu na usigeuzwe kikoba. Wenye kutaka kuwekeana fedha wafanye hivyo nje ya meza, wawili kwa wawili, kwa maandishi na mbele ya wakili. Anayeahidi faida kubwa ya uhakika kwa muda mfupi aombwe kueleza faida hiyo inatoka kwa mteja gani. Akishindwa kumtaja mteja, faida inatoka kwa mwekezaji atakayefuata.

Sheria nayo ina mipaka yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, kampuni binafsi nchini Tanzania haipaswi kuwa na wanahisa zaidi ya 50, na hairuhusiwi kuwatangazia wananchi kwa ujumla kununua hisa zake. Kijana anayesimama mezani na kuuza hisa kwa kila mpita njia anavunja sheria, hata kama nia yake ni njema.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye mtaji anapaswa kuhakikisha mambo kadhaa. Kampuni iwe imesajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ambao tangu mwaka 2018 unatoa huduma hiyo kwa njia ya mtandao. Mgawanyo wa hisa uandikwe. Iandikwe pia nani ataidhinisha matumizi, hesabu zitaonyeshwa kila baada ya muda gani na nini kitafanyika iwapo mmoja atataka kujitoa. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kampuni, kwa kuwa likisajiliwa kwa jina la kijana mmoja anaweza kuondoka nalo siku mkigombana.

Na fedha inayotolewa iwe ile ambayo mtu akiipoteza watoto wataendelea na shule. Biashara nyingi changa hufa, za mtandao na zisizo za mtandao. Kahawa haiondoi hatari hiyo. Inampa mtu nafasi ya kuitazama kwa muda kabla ya kuibeba.

Hata ule mgahawa wa Lloyd ulipita katika jaribu lake. Katika karne ya 18 wacheza kamari walijaa mezani, wakiwekeana dau hata juu ya watu mashuhuri watakaokufa. Mwaka 1769 wafanyabiashara makini walichoka, wakaondoka na kuanzisha mgahawa wao mpya. Walioondoka ndio walioliendeleza soko la bima. Mkutano wa kahawa hauna polisi; kinga yake ni watu wanaokubali kumwambia mwenzao, mapema na hadharani, kwamba anachokifanya si biashara.

Benchi lina nafasi

Mkulima anaweza kuuliza inamhusu nini. Jibu liko katika aina ya huduma zinazotengenezwa. Vijana wa mtandao wanaokaa peke yao hutengeneza wanachokijua wao. Wakikaa na mkulima wanasikia kuwa shida yake si kukosa tovuti. Shida ni lori linalofika siku mbili baada ya nyanya kuiva, au mizani ya mnunuzi isiyoaminika. Huduma inayoanza kwa kusikia hivyo ina nafasi ya kumletea mkulima kitu atakachokitumia.

Mchuuzi naye ana lake. Kwa bei ya kikombe kimoja anaweza kujifunza kutoka kwa kijana namna ya kupokea oda kwa simu, kutunza hesabu kwenye kompyuta au kutambua utapeli wa ujumbe mfupi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kuanzisha hakudai kibali cha kikao wala mchango. Kunadai mtu mmoja aamue kuwa kila Jumatano saa nne asubuhi atakuwa mahali fulani, awaambie watu watano, kisha awepo Jumatano hiyo na inayofuata. Mwenye duka la pembejeo na kijana wa programu wanakunywa kahawa pamoja tayari. Kilichobaki ni mmoja wao aache mpira kwa dakika kumi na kumuuliza mwenzake anafanya kazi gani.